Tairi Nne za Landrova ya Katumbi

Kibali cha tairi kilifika Katumbi Jumatatu moja ya Novemba, mwaka wa sabini na sita, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya upande wa Ziwa Rukwa. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Adolfu, alikisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi, kisha akamwita dereva. Tairi nne za Landrova, kutoka ghala la Sumbawanga, zichukuliwe kabla ya Ijumaa saa kumi. Kijiji kilikuwa kimeziomba kwa miezi kumi na minne, na hakuna aliyejua kibali kingine kingetoka lini.

Flavian, dereva, alishukuru, akaenda nyumbani, akashindwa kula. Mkewe Zita alimwuliza kama ana homa. Akasema hapana, ni uchovu tu. Zita hakuendelea kumwuliza, lakini aliona jinsi alivyousogeza kando ugali wa ulezi, naye si mtu wa kukataa ulezi.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alijifunza kuendesha akiwa kijana, akibeba mbao za misheni, na kijiji kilipopata Landrova yake ya bodi wazi nyuma, ni yeye peke yake Katumbi nzima aliyekuwa na leseni. Gari lilikuwa moja na halikupumzika isipokuwa Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Kila alfajiri lilipeleka mahindi na wagonjwa mjini, kilomita arobaini. Mchana lilirudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa ya duka la kijiji. Na mara mbili kwa wiki liliteremka Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaotenga uwanda wa juu na bonde, mpaka Kaoze, kuchukua mpunga na samaki.

Wazo la kuliinua gari lilikuwa la Flavian. Njia ya bondeni ilijaa mawe na visiki, na mara mbili jiwe lilikuwa limepasua difu, lile bonge la chuma linaloning'inia katikati ya magurudumu ya nyuma. Fundi Ignasi wa gereji ya misheni aliongeza majani ya springi, yale mabamba ya chuma yanayobeba uzito wa gari, na kurefusha vishikizo vyake, gari likapanda juu shubiri nzima. Tangu hapo difu haikuguswa na jiwe tena. Flavian alipigiwa makofi mkutanoni, na watoto wakaanza kuliita gari Twiga.

Kisha, mwezi wa nne mwaka ule ule wa sabini na sita, akiwa peke yake na gari tupu, aliteremka mlima asubuhi moja na kuingia kwenye kona waliyoiita Kona ya Padri. Mwendo ulikuwa wa kawaida. Katikati ya kona alihisi usukani umekuwa mwepesi mkononi, kiti kimemsukuma kuelekea mlangoni, na akajua kwamba tairi mbili za upande wa mlima zimeacha ardhi. Haikuchukua hata pumzi moja. Ziliporudi chini alisimamisha gari, akashuka, akakaa juu ya jiwe.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Kuliinua kulikuwa shauri lake, na kila siku watu walipanda humo, wazee na wagonjwa na akina mama wenye watoto mgongoni. Alijiambia atapunguza mwendo. Akapunguza kweli, lakini kila alfajiri aliposhika ufunguo tumbo lilimkata.

Sasa ilikuwa lazima achague tairi, na ghalani kulikuwa na aina mbili. Dereva wa kijiji jirani alikuwa amekwisha kuziona na kuwasimulia. Aina moja ilikuwa ya meno makubwa, marefu, yaliyoachana kama ya trekta. Nyingine ilikuwa ya meno mafupi yaliyokaa karibu karibu, ya njia ya kawaida na ya porini kwa pamoja.

Jumanne ulifanyika mkutano. Mzee Adolfu alisema hakuna la kujadili, zichukuliwe zile za meno makubwa. Mwezi wa tatu gari lilikuwa limezama kwenye mbuga iliyo kati ya mlima na Kaoze likiwa na wageni kutoka wilayani, na wageni wale walitoka topeni miguu mitupu, suruali zimekunjwa, viatu mkononi. Adolfu hakuwa amesahau kicheko cha watu wa bondeni siku ile. Mkutano ulikubaliana naye. Flavian alipoulizwa, alisema kwenye tope meno makubwa hayana mfano. Ilikuwa kweli. Lakini hakusema kwamba tairi zile ni ndefu zaidi, kwamba zingelipandisha gari juu tena, na kwamba kwenye jiwe lenye maji jino kubwa husimama kwa ncha tu, kama mtu anayetembea kwa viatu vya visigino virefu.

Atuganile, mkunga wa zahanati, ndiye peke yake aliyeuliza. Alikuwa mwanamke wa Tukuyu, mwaka wa nne sasa Katumbi, mwenye sauti ya chini.

"Na kwenye mawe yaliyolowa zinasimamaje?"

Watu walimgeukia dereva. Flavian alisema ataziangalia vizuri akifika mjini. Atuganile akakaa.

Alhamisi Flavian na mzee Adolfu walikwenda Sumbawanga juu ya tairi zile za zamani, zilizoisha mpaka zikawa vipara. Njiani mzee alizungumzia mbolea na shule. Flavian aliitikia bila kusikia. Kila kokoto lililoruka chini ya gari lilimfanya ashike usukani kwa nguvu zaidi.

Kabla ya kwenda ghalani alipita gereji ya misheni na kumwomba fundi Ignasi afuatane nao. Mtunza ghala, mtu mwembamba wa miwani, aliwaonyesha tairi zikiwa zimepangwa ukutani. Zile za meno makubwa zilibaki tano. Alisema zinatakwa na kila mtu na kesho hazitakuwepo. Zile nyingine zilijaa vumbi.

Mzee Adolfu alizipigapiga zile kubwa kwa kiganja, akaridhika. Ignasi alichuchumaa, akaingiza vidole kati ya meno, akamwuliza Flavian gari linapita kwenye tope siku ngapi kwa wiki. Flavian alisema mbili, tena miezi ya mvua tu. Na kwenye kifusi na mawe? Siku zote. Basi, Ignasi akasema, hizi kubwa zitalika upesi kwenye njia ya mjini, zitavuma na kutikisa usukani, na kwa gari refu kama lile, kwenye kona, yeye asingezifurahia. Mzee akasema inatosha kukwama siku moja tu kijiji kikaaibika. Kisha akapata njia ya kati, zichukuliwe mbili mbili, kubwa nyuma na ndogo mbele. Ignasi alikataa. Alieleza kwamba hazilingani urefu, na magurudumu yote manne yakivuta kwa pamoja, ya mbele na ya nyuma yatashindana mpaka giaboksi ivunjike. Lazima ziwe nne za aina moja.

Mtunza ghala alisogeza daftari na kungoja. Flavian aliona mkono wa mzee ukielekea kwenye zile kubwa, na mdomo wake ukafunguka kabla hajaamua.

"Mzee, kuna jambo sikuwaambia. Mwezi wa nne, Kona ya Padri, gari liliinuka upande mmoja. Tairi mbili ziliacha ardhi. Nilikuwa peke yangu."

Adolfu aligeuka taratibu. "Mwezi wa nne?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sisi tumepanda humo tangu mwezi wa nne."

Ignasi, ambaye ndiye aliyeziongeza zile springi, alitazama viatu vyake, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kutoa majani mawili kila upande, gari lishuke kiasi, na mizigo isipangwe tena juu kupita kichwa cha gari. Lakini likiwekewa tairi ndefu, kazi hiyo itakuwa bure.

Mzee Adolfu alitoka nje. Walimwona kupitia mlangoni akisimama juani, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri basi. Aliporudi hakumtazama fundi wala mtunza ghala.

"Wewe ndiye unayeshika usukani," alimwambia Flavian. "Chukua unazozitaka. Ila siku ukikwama bondeni, utasimama wewe mbele ya watu. Mimi sitasimama."

Flavian alichukua zile za meno mafupi. Zilifungwa siku hiyo hiyo, majani ya springi yakatolewa, na jioni walirudi Katumbi. Gari lilishika njia vizuri kuliko alivyowahi kulijua. Alipokanyaga breki lilisimama pale pale, bila kuvuta upande. Alitegemea moyo utulie. Badala yake, walipokaribia kijiji na kuona umeme wa radi mbali juu ya bonde, aligundua kwamba hofu ya kona imepungua, na hofu ya tope imekaa mahali pake.

Mvua zilianza. Desemba na Januari alikwama mara mbili mbugani akiwa na mpunga, na mara zote mbili watu walisukuma gari likatoka, wakinung'unika juu ya zile tairi za kubembeleza. Habari zilipanda mlima kabla yake. Alianza kutembea na sepetu, kamba, mbao mbili na pampu ya mguu. Usiku aliamka kusikiliza mvua kwenye nyasi za paa na kukadiria imenyesha kiasi gani bondeni. Zita alimwambia siku moja, "Baba Josefina, gari linalala nje, lakini wewe unalala nalo humu ndani." Alijaribu kucheka, ikashindikana.

Jumatano ya kwanza ya Februari, saa tatu asubuhi, mtu mmoja aliingia Katumbi akisukuma baiskeli, tope limemfika mapajani. Alikuwa ametoka Kaoze kabla ya mapambazuko na alimtafuta mzee Adolfu. Binti wa mzee, Kristiana, aliyeolewa kule bondeni miaka miwili nyuma, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana asubuhi na mtoto hatoki. Wazee wa kike wa kule walikuwa wamefanya yote waliyoyajua.

Waliondoka kabla ya saa nne: Flavian, Adolfu na Atuganile, wote watatu mbele. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na ilikuwa imekatika asubuhi ile tu. Kona ya Padri waliipita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mbugani Flavian alishika gia ndogo, magurudumu yote manne yakivuta, akapita bila kusimama, tope likiruka mpaka juu ya kioo. Gari lilikuwa jepesi. Alijua kurudi hakutakuwa hivyo.

Kaoze, Atuganile aliingia nyumbani na kile kipande chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Alipotoka alisema mtoto amekingama tumboni na hatatoka kwa njia ya kawaida, lazima mama apasuliwe hospitali ya misheni, Sumbawanga. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Alipokuwa akisema hayo, mvua ilianza tena, kubwa, ya matone mazito. Walimlaza Kristiana kwenye godoro nyuma ya gari, wakafunga turubai juu yake. Mumewe Fransisko na Atuganile wakakaa naye, mmoja kila upande.

Walizama katikati ya mbuga. Flavian alihisi kabla ya kuona: tope jeusi lilijaza meno ya tairi mpaka zikawa laini kama vyungu, gari likapunguza mwendo, magurudumu yakazunguka mahali pamoja, na nyuma ikakaa chini. Alizima injini. Mvua ilipiga bati la juu. Nyuma yao, kupitia turubai, walimsikia Kristiana.

Flavian hakumtazama mzee aliyekaa kando yake. Alingoja aseme. Adolfu alifungua mlango, akateremka, na tope likamshika mpaka magotini.

Walichimba. Watu waliokuwa kwenye mashamba ya mpunga waliona gari na kuja, wanaume saba na wanawake watatu. Mbao zilimezwa na tope kama biskuti kwenye chai. Walikata matete na kuyasukuma chini ya magurudumu, Flavian akajaribu, gari likasogea hatua moja na kuzama tena. Saa nzima ilipita hivyo. Mara moja Atuganile alichungulia nje ya turubai, akamtazama Flavian, akarudi ndani. Flavian alirudi kuchimba. Kichwani mwake aliziona zile tairi za meno makubwa zimesimama ghalani, na mkono wa mzee ukizipigapiga.

Ndipo akakumbuka Ignasi kumwambia kwamba tairi iliyopunguzwa upepo hutanuka na kukanyaga pana. Alipiga magoti akatoa upepo, tairi moja baada ya nyingine, mpaka zikatokeza pembeni kama mashavu. Wakafunga kamba mbele, baadhi ya watu wakavuta, wengine wakasukuma, na yeye akaachia klachi polepole mno. Gari lilitoka topeni kwa mlio kama wa kitu kinachochanika. Hakusimama mpaka alipofika kwenye ardhi ngumu, chini ya mlima, ambako mawe yalianza.

Hapo akasimama, akashuka na pampu.

Adolfu alimfuata. "Kwa nini umesimama?"

Flavian alieleza huku akifunga mpira wa pampu kwenye tairi ya kwanza. Mzee alimsikiliza, tope likimkauka usoni.

"Mwanangu anakufa, na wewe unajaza upepo."

"Nikipanda hivi, kwenye kona tairi itatoka kwenye rimu," Flavian alisema. "Tutakwenda chini wote watano, mzee."

Aliendelea kukanyaga pampu. Hakujua kama Adolfu angempokonya ufunguo, na kama angempokonya, hakujua angefanya nini. Tairi ya kwanza ilikula muda mrefu. Fransisko alishuka akampokea kwenye ya pili. Kwenye ya tatu mzee Adolfu mwenyewe alikuja, akamsogeza mkwewe kando kwa bega, akaanza kukanyaga, macho yakiwa ardhini. Kazi yote ilichukua kama dakika arobaini. Kristiana alikuwa ameacha kulia kwa sauti, na hilo liliwatisha zaidi.

Walipanda. Kwenye Kona ya Padri maji yalikuwa yanakatiza njia, yakiteleza juu ya mawe na kuanguka upande wa pili, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa vilele vya miti. Flavian aliingia kwa gia ya kwanza. Katikati ya maji sehemu ya nyuma iliteleza kuelekea ukingoni, kiasi cha mkono mmoja, na Adolfu akashika dirisha. Kisha meno yale mafupi yakapata jiwe, yakaling'ang'ania, na gari likajivuta mbele, likanyooka, likapanda. Juu kabisa Flavian aligundua kwamba amejing'ata mdomo na damu imefika kidevuni.

Walifika hospitali jua likizama. Kristiana alipelekwa moja kwa moja kupasuliwa, na maisha yake yakaokolewa. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa hapumui, na hakupumua.

Asubuhi Flavian alimkuta Atuganile nje ya wodi, mahali ndugu wa wagonjwa wanapofulia nguo. Alikuwa hajalala.

"Moyo wa mtoto uliusikia lini mara ya mwisho?"

"Kwenye tope," Atuganile alisema. "Ulikuwa unapiga, ila polepole. Mlipokuwa mnajaza upepo nilisikiliza tena, sikuupata. Huenda ulikuwepo. Mvua ilikuwa inapiga turubai, na mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka."

"Tungekuwa na zile tairi nyingine, tusingekwama."

"Labda. Na ile kona?"

Flavian alichuchumaa kando yake. Atuganile akasema kwamba amewaza jambo hilo usiku kucha, na yeye pia hakupata jibu. Alikamua kanga aliyokuwa anafua, akaianika, akarudi ndani kwa Kristiana.

Ijumaa walimzika mtoto Katumbi. Mzee Adolfu ndiye aliyekaa mbele na kisanduku juu ya magoti, kilomita zote arobaini. Flavian aliendesha polepole kuliko siku yoyote maishani mwake. Walipofika, mzee alimwambia ahsante, neno hilo moja, akashuka.

Wiki iliyofuata kijiji kilikutana, na jambo lililojaa vinywani likatamkwa. Mtu mmoja wa nyuma alisema dereva alichagua tairi kwa ajili ya woga wake, si kwa ajili ya kijiji. Flavian alisimama. Alikuwa amepanga maneno mengi, ya springi na urefu na mawe, akayaacha yote.

"Ni kweli niliogopa," alisema. "Gari lilitaka kupinduka mwaka jana nikawaficha. Nilichagua kwa woga. Hata sasa naogopa. Kama mnaona usukani apewe mwingine, sitakataa."

Mzee Adolfu, aliyekuwa amekaa mezani, alisimama naye akashika ukingo wa meza.

"Nilimwambia kwamba siku ya kukwama atasimama peke yake. Nayafuta maneno hayo," alisema. "Tairi zile nilizikubali mimi. Na siku ile nilikaa mbele, nikaiona kona. Nisingependa kuiona kwa tairi nyingine." Akaiachia meza, akanyoosha mkono upande wa bonde. "Tope la kule bondeni halifiki kilomita mbili. Mlimani kuna mawe ya kutosha. Mimi nasema tulitandike mawe. Watu wa Kaoze waanzie kwao, sisi tuanzie huku."

Wengine walisema ni kazi ya serikali. Wengine walisema ni kazi ya miaka. Mwisho walikubaliana, na ujumbe ukapelekwa Kaoze.

Mvua zilipokatika, mwezi wa sita, kazi ilianza. Baada ya safari ya mjini, Flavian aliteremka kila mchana, akapakia mawe chini ya mlima na kuyamwaga mbugani, bodi likijaa nusu tu ili gari lisiwe zito juu. Wanaume walipanga makubwa chini, wanawake walimwaga changarawe juu yake kwa karai. Mzee Adolfu alifika Jumamosi na nyundo yake mwenyewe na kupasua mawe mpaka jioni, bila kuzungumza sana na mtu. Flavian alianza kula vizuri kidogo. Usingizi ulikuja siku nyingine, siku nyingine ukakataa. Tumbo lake liliendelea kumkata alfajiri, ingawa sasa aliweza kumwambia Zita kwamba linamkata, na yeye akamwekea uji wa moto kabla ya safari.

Siku moja ya Agosti, akiwa anafungua mlango wa bodi ili mawe yamwagwe, aliona mwanamke mwembamba akija kutoka upande wa Kaoze na karai tupu kichwani, akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyekatazwa kubeba vizito. Alikuwa Kristiana. Hawakuwa wameonana tangu siku ile ya hospitali. Flavian aliacha kazi, akavua kofia, akasimama. Alikuwa ameliandaa neno la kumwambia kwa miezi sita na sasa halikuja.

Kristiana alimsalimu, akamwuliza hali ya Zita na Josefina, naye akajibu. Kisha akatazama njia ya mawe ilikofika, na sehemu nyeusi iliyobaki mbele yake.

"Bado safari ngapi?"

Flavian alikadiria. "Kama sitini hivi. Tukijitahidi tutawahi mvua."

"Basi niwekee changarawe," Kristiana alisema, akainama na kuliweka karai chini, karibu na miguu yake. "Usilijaze. Nusu."

Flavian alichukua sepetu, akaanza kumwekea.